Nililipwa Sh8,000 kuwauzia mwanga

Kama umekuwa hapa tangu mwaka jana, unaikumbuka ile video. Nimekaa kwa kitanda, nimevua shati, nimeshika kakalamu keusi kanakotoa mwanga mwekundu, nakapitisha shingoni huku nimefunga macho kama mtu ameshafika mbinguni. "Leza baridi," nikawaambia. "Mgongo, shingo, magoti, maumivu yote kwisha. Hakuna dawa, hakuna sindano." Linki iko chini. Sijawahi kuposti kitu kikatazamwa vile.

Mwezi uliopita niliifuta. Wengine wenu mmeniuliza mbona, na nimekuwa nikiwajibu na emoji. Leo wacha niseme.

Nianze na pesa juu hapo ndipo hii stori ilianzia. Nililipwa Sh8,000. Kodi ilikuwa imechelewa wiki mbili na mwenye nyumba alikuwa ameanza kunisalimia kwa jina kamili. Muuzaji akanitumia kalamu moja ya bure na karatasi ya maneno ya kusema, nikayasema venye yalikuwa. Sikuuliza swali hata moja. Shingo yangu kwa ukweli ilikuwa inauma, juu huwa naediti kwa simu usiku kucha nikiwa nimejikunja kama kamba, na ile wiki ya kalamu ikapoa. Ile wiki pia nililala mapema kila siku, juu stima ilikuwa inapotea. Hiyo sikuwaambia.

Sasa, anti yangu. Anauza kabeji na viazi Githurai, na kwa miezi alikuwa akilalamika mgongo, hapa chini ya mabega. Kila mtu alisema ni magunia. Hata mimi. Mtu akibeba kabeji miaka 15, utatafuta sababu gani nyingine? Akaona video yangu, akatoa Sh4,500 kutoka kwa pesa ya chama, akanunua. Aliniambia baadaye, "Nilinunua juu ni wewe ulisema." Alikuwa akikatumia kila jioni, binti yake akimshikilia nyuma, kwa miezi 4.

Katikati hapo alinipigia. "Kijana yangu, hii kitu yako inasaidia kidogo, halafu inarudi." Nikamwambia, "Endelea tu anti, inachukua muda." Nilikuwa kwa matatu, nikakata simu, nikaendelea na mambo yangu. Hilo jibu nimelirudia kichwani mara nyingi sana.

Akaanza kukonda. Kanisani wakamsifu, ati amepunguza mwili. Usiku alikuwa anatoa jasho mpaka anabadilisha shuka, akasema ni umri. Siku moja miguu ikakataa akipanda ngazi, ndipo binti yake akampeleka hospitali. Wakampiga picha ya mgongo, wakachukua sampuli. Ilikuwa TB. TB ya uti wa mgongo. Mimi, na elimu yangu yote ya chuo nusu, nilijua TB ni ya kifua na kukohoa. Kumbe inaweza kuingia kwa mifupa, na kwa mifupa mahali inapopenda ni uti wa mgongo. Inakula pingili polepole, na ukichelewa inabana neva mpaka miguu inakufa ganzi.

Anti yuko sawa, Mungu amesaidia. Alipewa tembe za mwaka mzima, na dawa za TB kwa hospitali za umma ni bure, hakuna mtu anafaa kukuuzia. Miguu imerudi. Amebaki na kakibyongo kadogo nyuma ambako hakataisha. Hajawahi kunilaumu. Nikienda kwake ananiuliza kama nimekula. Afadhali angenipigia kelele.

Baada ya hapo nilitaka kuandika posti moja rahisi, "Leza ni utapeli, msinunue." Nilikuwa hata nimeshaianza. Kilichonizuia ni kwamba anti alipopelekwa kwa idara ya fiziotherapia kufunzwa mazoezi ya kurudisha nguvu za miguu, nikaona pale kwa kona mashine ya leza. Ya ukweli, na miwani ya kukinga macho imening'inia kando. Nikamwonyesha fizio kalamu yangu. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniambia kitu sikuwa nimetarajia, "Hiyo ni takataka, lakini leza si takataka."

Kwa hivyo nikaenda kusoma. Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea biashara, msinifanye daktari. Lakini kusoma bado naweza.

Hii kitu ilianza kwa bahati. Leza ya kwanza duniani iliwashwa 1960, Marekani. Mwaka wa 1967 daktari mmoja wa Hungaria, Endre Mester, kule Budapest, alikuwa anajaribu kuchoma uvimbe wa saratani kwa panya akitumia leza. Mashine yake ilikuwa na nguvu ndogo kuliko ile aliyokuwa akiiga, kwa hivyo uvimbe haukwenda popote. Lakini akaona panya waliomulikwa, pale walipokuwa wamenyolewa, manyoya yanarudi haraka kuliko wenzao. Baadaye akaanza kuitumia kwa vidonda ambavyo vimekataa kupona. Tiba nzima imetokana na mashine iliyoshindwa na kazi yake. Mimi hiyo naipenda.

Inavyofanya kazi ni hivi. Leza ya upasuaji inakata na kuchoma. Hii haichomi, ndiyo maana inaitwa baridi. Ni mwanga mwekundu au ule ulio karibu na mwekundu ambao jicho halioni, mawimbi ya kama nanomita 600 mpaka 1,000. Wazo ambalo wanasayansi wengi wanalishikilia ni kwamba mwanga huo unafyonzwa na mitokondria, zile mashine za nguvu za seli tulikariri kidato cha kwanza tukidhani hatutawahi kuzihitaji. Seli inapata nguvu zaidi, uvimbe unapungua, neva zinatulia. Hiyo bado inachunguzwa, lakini si uchawi.

Na je, inasaidia? Hapa ndipo watu wa kuuza na watu wa kukashifu wote wanadanganya kidogo. Mwaka wa 2009 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 ya maumivu ya shingo, wagonjwa 820. Waliopata leza walipungukiwa na maumivu kuliko waliopata leza bandia, na kwa wale wa maumivu ya muda mrefu nafuu ilionekana hadi wiki 22 baada ya kumaliza. Hiyo si mchezo. Na leza bandia hapa inafanya kazi vizuri sana kwa utafiti, juu mwanga wenyewe mara nyingi hauonekani, kwa hivyo mgonjwa hawezi kujua kama mashine imewashwa kweli. Uingereza nao, kupitia taasisi yao ya NICE, walikubali mwaka wa 2018 itumike kwa vidonda vya mdomoni vinavyowapata watu wanaotibiwa saratani kwa mionzi au kemo, vile vidonda vya kufanya mtu ashindwe hata kumeza maji.

Lakini mgongo wa chini? Cochrane walipokusanya majaribio yaliyokuwepo kufikia 2008 walipata 7 tu, madogo madogo, wakasema ushahidi hautoshi kusema lolote la uhakika. Kwa hivyo mtu akikuambia leza inatibu "maumivu," muulize maumivu gani. Shingo si mgongo, mgongo si goti, na goti lililochakaa si neva iliyobanwa. Maumivu si ugonjwa mmoja. Ni kama kusema gari imezima. Sawa, imezima, lakini ni petroli, ni betri, ama ni injini imekufa?

Halafu kuna mambo ya dozi, na hapa ndipo nilijiona mjinga kabisa. Mwanga una kipimo chake kama vile dawa ina miligramu. Kinaitwa juli. Unapiga hesabu ya nguvu ya mashine mara sekunde ulizomulika. Kalamu yangu ilikuwa imeandikwa miliwati 5, maandishi madogo sana pale chini. Mashine ya yule fizio ilikuwa ya miliwati 200. Yake inatoa juli moja kwa sekunde 5. Yangu inahitaji sekunde 200, zaidi ya dakika 3, pointi moja tu. Karatasi ya maagizo ilisema "mulika kila mahali dakika 1." Hiyo ni juli 0.3, na majaribio mengi yanatumia juli kadhaa kwa kila pointi. Na mwanga mwingi wa hiyo juli 0.3 unaishia kwa ngozi kabla haujafika popote. Anti yangu alikuwa anamulikwa miezi 4 na kitu cha kuchezea paka.

Na usiseme basi ntanunua kubwa nijimulike nusu saa. Dozi ikizidi, faida inapungua tena, kuna kiwango cha katikati ndicho kinafanya kazi. Mashine kubwa pia inaweza kuharibu jicho kwa muda mfupi sana, hiyo miwani haikuwa ya mapambo. Na hawamuliki mahali pana saratani, wala tumbo la mama mjamzito.

Boksi la kalamu lilikuwa na herufi FDA kubwa za dhahabu. Kuna mashine za leza ambazo FDA ya Marekani iliruhusu ziuzwe, ya kwanza 2002. Lakini ruhusa nyingi za vifaa hivi zinatolewa kwa sababu kifaa kinafanana na kingine ambacho tayari kiko sokoni. Si sawa na dawa mpya kuthibitishwa kwamba inatibu. Na herufi tatu mtu yeyote anaweza kuziprinti.

Sasa nataka niwe mkweli kuhusu mbona tunanunua hivi vitu, juu ni rahisi kusema watu ni wajinga. Anti yangu si mjinga, anaweza kukupigia hesabu ya magunia 40 kwa kichwa. Alishaenda kwa kliniki fulani mwanzoni. Alipiga foleni kuanzia asubuhi, akaonwa dakika 2, akapewa tembe za maumivu bila kuguswa mgongo. Zile tembe zikamchoma tumbo, kitu ambacho tembe za aina hiyo hufanya ukizimeza muda mrefu. Siku ya foleni pia ni siku ya kutouza. Halafu anarudi nyumbani anapata mpwa wake kwa simu, anamjua, anamuamini, anamwambia hakuna foleni, hakuna tembe. Wewe ungechagua nini?

Ndiyo maana lile neno "mbadala" ndilo linanikera sasa. Fizio anatumia leza baada ya kukuuliza maswali, kukugusa, kukutazama ukitembea, na anaitumia pamoja na mazoezi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo mwaka wa 2023 lilitaja mazoezi na kumwelimisha mgonjwa kati ya vitu vya kuanza navyo, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachotoshea kwa kalamu. Mimi niliwauzia leza badala ya kuulizwa maswali. Anti hakukosa mwanga. Alikosa mtu wa kumuuliza, "Mama, usiku unatoa jasho? Umekonda bila kujaribu?" Maswali mawili. Hata mimi ningeweza kuyauliza nikiwa kwa ile matatu.

Kwa hivyo wewe ambaye ulinunua kupitia linki yangu, ama ulimnunulia mathe, tafadhali muulize leo. Kama mgongo unauma zaidi usiku akiwa amelala, kama kuna homa, jasho, kukonda, miguu kuwa dhaifu au ganzi, ama kushindwa kushika haja, hiyo si ya kumulika, hiyo ni hospitali, na ile ya miguu na haja ni siku hiyo hiyo. Kama ni shingo ya simu kama yangu, tafuta fizio aliyesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, na akitaka kutumia leza muulize urefu wa mawimbi, miliwati ngapi, juli ngapi kwa kila pointi. Anayejua kazi yake hatakasirika. Yule wa anti alifurahi, hadi nikachelewa kutoka.

Nimemrudishia anti Sh4,500 yake. Alikataa, nikaituma kwa M-Pesa, akanirudishia, nikaituma tena. Wale wengine siwezi kuwarudishia wote, na siwezi kujifanya hiyo inanipa usingizi mzuri.

Jumanne yule muuzaji aliniandikia tena. Kuna kalamu mpya, ana Sh15,000 kwa video moja. Nikamuuliza ni miliwati ngapi. Akajibu, "Bro, wewe sema tu ni teknolojia ya Ujerumani." Nikamuuliza tena. Akatuma emoji ya kucheka na Sh20,000. Nimemblock. Kodi ni tarehe 5, na hii posti hainilipi kitu.