"Huenda" isipotee kwenye jedwali

"Hakuna nimonia. Kivuli kidogo chini ya pafu la kushoto, huenda ni kovu la zamani." Ripoti za eksirei huandikwa hivyo, na daktari akisoma haimsumbui. Kompyuta inayosaka neno "nimonia" tu itamhesabu mtu huyu kuwa mgonjwa wa nimonia.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa CheXpert, hazina ya picha 224,316 za kifua. Karibu zote hazikupewa majibu kwa mkono. Programu inayofuata kanuni zilizotungwa na watu ilipekua ripoti na kujaza vipengele 14. Tunachowasifu ni kimoja: kando ya "ipo" na "haipo" waliweka nafasi ya "hakuna uhakika".

Leo modeli kubwa za lugha zinaifanya kazi hiyo bila kutungiwa kanuni moja moja, na sentensi za kuzungukazunguka hazizitishi. Ubaya wake, zinapenda kujaza. Ipe modeli fomu yenye nafasi ya ukubwa wa uvimbe ambao daktari hakuupima, inaweza kukuandikia milimita 8 bila haya, kama mwanafunzi anayeogopa kuacha swali wazi.

Hospitali inayonunua mfumo wa namna hii idai kila jibu lioneshe sentensi lilikotoka, na kisichotajwa kibaki kitupu. Daktari wa radiolojia apitie baadhi ya majibu kila wiki, akiwa na ripoti yenyewe mkononi. Na majina ya wagonjwa yafutwe kabla ripoti haijatoka nje ya hospitali. Hilo hata halihitaji kikao.