Picha isiyo na siku wala mahali ni maneno tu

Sisi vijana wa Basoko, wale wanaoishi kule kwenye mto na wale wanaosoma hapa Kisangani, tuko na neno la kusema juu ya kamera. Kwetu lugha ya soko ni Lingala. Tunaandika kwa Kiswahili cha Boyoma ili ndugu wa Bunia, Goma na Bukavu nao wasome, juu hii shida ni ya sisi wote.

Ndugu yetu mmoja, mwanafunzi kutoka Basoko, amemaliza masomo ya video hapa mujini. Wakati alianza, watu wa nyumbani walicheka. Video nayo mtu anaenda kuisomea? Ata mtoto wa miaka saba anajua kubonyeza telefone. Mama yake alipenda asome sheria, ao basi ualimu. Leo, kila siku ya posho, anakaa na sisi na kuturudishia yale alifundishwa, na tumeona ya kama masomo yale si ya wasanii peke yao. Yanahusu kila raia mwenye telefone ndani ya mfuko, na zaidi raia wa teritware kama yetu, mahali ambapo habari inashuka ao kupanda na mtumbwi siku mbili tatu, na ikifika Kisangani imekwisha kuwa uvumi.

Somo la kwanza halikuwa la picha. Lilikuwa la sauti. Mwalimu alifunika skrini na kitambaa, akaacha filme iendelee, akauliza: munaelewa nini? Wakaelewa karibu yote. Kisha akafunua picha na kuzima sauti, wakabaki wanakisia. Kwa hiyo kwanza sogea karibu na mtu anayesema, ondoka kwenye kelele ya jenereta, geuza mgongo wako kwa upepo wa mto. Kamera ya bei kali inaweza kungoja.

La pili ni la daftari. Mbele ya kufilme, sema kwa sauti yako mwenyewe, ndani ya video yenyewe: leo ni tarehe fulani, saa fulani, tuko mahali fulani. Anza na picha pana, ile inayoonyesha kibao cha shule, kanisa, kona ya mto, kitu ambacho mtu mwingine anaweza kuja kukitafuta na kukipata. Kisha njo usogee. Ukisimama mahali, hesabu kumi bila kutingisha mkono. Na ile video ya kwanza, ile mama ya video zote, usiikate. Montaji inafanyiwa kwenye nakala. Tena ukiituma na WhatsApp inafika imebanwa, na zile alama za ndani zinazosema ilipigwa lini na wapi zinapotea. Kwa hiyo mama-video inabaki kwenye kadi, na nakala ya pili kwa mtu mwingine, nyumba ingine.

Wengine watasema hayo ni mambo ya ufundi tu. Tuwakumbushe Kasai. Mwezi wa pili 2017 kulitokea video inayoonyesha watu wenye uniforme ya jeshi wakiua raia pale Mwanza Lomba. Jibu la kwanza la serikali lilikuwa neno moja: montaji. Lakini watu waliangalia ile video tena na tena, wakasikiliza lugha, wakatazama nguo na majani. Mwezi wa tatu, auditora wa jeshi alitangaza ya kama wanajeshi 7 wamekamatwa. Neno "montaji" njo adui wa kila mtu anayefilme katika inchi hii, na dawa yake ni lile daftari, ile picha pana, ile sauti inayotaja siku.

Tena kuna Bukavu. Mwezi wa tisa 2018, tribinali ya jeshi iliwahukumu kifungo cha maisha wakubwa wawili wa FDLR juu ya mauaji ya Kamananga na Lumenje. Kati ya ushuhuda uliowekwa mbele ya majaji kulikuwa picha zilizopigwa na telefone yenye programu inayoitwa eyeWitness, ambayo inashika saa na mahali, na inaonyesha kama mtu amegusa picha kisha. Telefone ya kawaida. Hakuna aliyesimama kule na kamera kubwa ya televizio.

Lakini sisi wa Basoko tuko na sababu ingine, ya zamani zaidi, ya kupenda masomo haya.

Tarehe 1 mwezi wa pili 1877, Henry Morton Stanley alifika mahali mto Aruwimi unaingia ndani ya mto mkubwa. Njo kwetu pale. Alikuwa na watu wake, wengi wao Waswahili wa Zanzibar. Katika kitabu chake cha 1878 anaeleza ya kama mitumbwi 54 ilishuka kumushambulia, mmoja mkubwa kupita yote, na watu waliotaka kumula. Ndani ya kitabu kuna ata picha ya kuchorwa ya ile mapigano. Dunia yote ilisoma. Watoto wa Ulaya walikua na ile picha kichwani: Basoko, watu wakali, mishale, ngoma za vita.

Miaka mingi kisha, padre mmoja wa misioni, Joseph Fraessle, alimuuliza mzee wa Basoko jina lake Mojimba, aliyekuwa pale. Mojimba akasema ingine. Walisikia mtu mweupe anakuja, wakafikiri ni ndugu yao aliyezama mtoni zamani na sasa anarudi. Wakapika. Wakavaa nguo za sikukuu, wakatoa mitumbwi mikubwa, wakapiga ngoma na kuimba kwenda kumupokea. Wakapokelewa na bunduki. Watu wakafa ndani ya maji, kijiji kikachukuliwa mali na kuchomwa.

Ngoma ni zilezile. Mitumbwi ni ileile. Stanley aliona vita, Mojimba alikuwa anakwenda kwenye karamu, na kwa miaka mingi dunia ilikuwa na upande mmoja tu juu Stanley njo alikuwa na karatasi na mchoraji. Ndugu yetu anasema hii hadithi alikuwa anaijua tangu shule ya msingi, lakini aliielewa siku mwalimu wa video aliwatuma kufilme sikukuu moja mara mbili: mara moja ukisimama nyuma ya mgeni, mara moja ukisimama kati ya wacheza ngoma. Kazi yote ya kamera iko katika swali hili: unasimama na nani?

Na tuseme wazi: ata upande wa Mojimba tumeupata kwa mkono wa padre, katika lugha ya padre. Sauti yenyewe ya mzee, mahali alinyamaza, mahali alicheka ao kulia, hatuna. Kwa hiyo tunarudi kwenye sauti.

Sasa tuangalie hapa Kisangani. Kila mtu wa hapa anajua Dieudo Hamadi, ao anapaswa kumujua. Alizaliwa mujini huu mwaka 1984, akasomea udaktari kwanza, kisha akafuata mafunzo ya filme. Mwaka 2010 alikuwa kati ya vijana waliofanya *Congo in Four Acts*. Filme yake *Examen d'Etat* ya 2014 inafuata wanafunzi wa Kisangani waliofukuzwa darasani juu hawajalipa franga za walimu, wakakodi nyumba ili wajisomee wenyewe. Hakuna mzungu anayeeleza juu ya picha, hakuna mtaalamu. Kamera inakaa tu na wale watoto mupaka matokeo yanatoka.

Halafu *Maman Colonelle*, ya 2017: mama polisi aliyetumwa kutoka Bukavu kuja Kisangani kulinda wanawake na watoto. Wakati alikuwa anafilme ile, njo alikutana na watu wa vita ya siku sita. Kwa ndugu wa mbali: kuanzia tarehe 5 mupaka 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana ndani ya Kisangani, mabombe yakianguka juu ya nyumba za watu. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa inasema raia kati ya 244 na 760 walikufa, na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Angalia ile pengo: 244 na 760. Ni zaidi ya watu 500 ambao hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama walihesabiwa ao hawakuhesabiwa. Wako na majina, wako na mama zao pale Tshopo na Mangobo, lakini karatasi hakuna, picha hakuna.

Katika *En route pour le milliard*, Hamadi alipanda meli na wale waliokatwa miguu na mikono, wakashuka mto mupaka Kinshasa kudai fidia mbele ya Bunge. Ile meli, sawa meli zote, ilipita mbele ya Basoko. Mwaka 2020 filme ikachaguliwa Cannes. Wale watu walikuwa wanadai tangu miaka mingi bila mtu kuwaangalia machoni. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki pale La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, sehemu tano za milioni 65. Hatusemi filme njo ilileta ile hukumu. Kesi ilianza mwaka 1999. Lakini leo, wakati pesa ile imepita katika FRIVAO na kuleta fujo, na waziri wa zamani wa sheria amehukumiwa mwaka 2025 juu ya dola milioni 19 na zaidi za jengo la gereza la Kisangani, tunajua nyuso za wale pesa ilikuwa yao. Ni vigumu zaidi kuwasahau.

Hamadi anaonyesha pia kitu kingine ambacho mwalimu alikirudilia mpaka wanafunzi wakachoka: mtu anayefilmiwa anapaswa kukubali, na kukubali si kutingisha kichwa mbele ya kamera iliyokwisha kuwashwa. Unamueleza video itakwenda wapi. Unamuambia anaweza kukataa kesho. Mwanamke aliyebakwa, mtoto, shahidi anayeogopa: filme mikono, filme kivuli, badilisha sauti. Wale wanaorusha maiti za watu wa Tshopo kwenye intaneti, damu wazi, ili wapate wafuasi, hawasaidii wafu wala walio hai. Familia inajulia kifo cha mtoto wao kwenye telefone ya jirani. Tunakataa ile tabia, ata ikifanywa na mtu anayejiita mwanaharakati.

Kuhusu wakubwa wa inchi. Katiba ya 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa neno, kwa maandishi na kwa picha. Picha imetajwa. Lakini kijana akisimama kufilme barabara iliyolipiwa na haitumikiwi, anaulizwa: nani amekutuma? Telefone inachukuliwa, kurudishwa ni franga. Na tangu 2023 tuko na sheria ya mambo ya dijitali, ambayo kifungu chake cha 360 kinaweza kumupeleka mtu gerezani mupaka miezi sita akipitisha habari ya uongo juu ya mtu. Uongo uazibiwe, hatukatai. Lakini ni nani anaamua, na kwa saa ngapi? Video ya Mwanza Lomba nayo iliitwa uongo wiki ya kwanza. Tunaomba bwana administrateri wa teritware na wakubwa wa polisi waambie watu wao wazi ya kama kufilme kazi ya serikali mahali pa watu wote si kosa.

Na masomo haya yasibaki Kisangani. Pale Lokutu, karibu na mashamba ya mawese yaliyoanzishwa na Lever mwaka 1911, watu wanabishana mupaka leo juu ya mipaka ya udongo. Mtu mmoja mwenye telefone anaweza kutoka kwenye mlango wa shule na kutembea mupaka kwenye mpaka wa shamba bila kukata video, akitaja kila kijito anachopita. Hii haiombi pesa ya mradi. Inaomba batri iliyojaa na mtu aliyefundishwa. Tunaalika wakurugenzi wa shule za Basoko watupatie saa mbili tu, siku ya posho kisha salongo. Tutakuja na telefone zetu.

La mwisho ni kwa wazazi wa Kisangani waliokuwa hapa mwezi wa sita 2000. Wengine wenu muliwahi kuwa na kamera ya kaseti, za ndoa na za ubatizo. Kama kuna kaseti iliyobaki ndani ya sanduku, ata kama inaonyesha tu parsele yenu mbele ya bombe, ao kaka akicheka wiki moja mbele ya kufa, musiitupe, musirekodi mziki juu yake. Andikeni na kalamu juu ya kaseti: nani, wapi, mwaka gani. Tutatafuta mashine ya kuisoma.