Pampu ya Oili Haina Laktomita

GURUDUMU LA WIKI
Na Jepkoech Wafula

Juma lililopita fundi mmoja wa hapa Eldoret alinipa pistoni niishike. Ubavu wa upande wa ekzosi ulikuwa na michirizi mirefu, kama ukuta uliokwaruzwa kwa msumari. Ringi moja ilikuwa imeganda kwenye mfereji wake, haichezi hata niisukume kwa kucha. Ilitoka kwenye pikipiki ya Yamaha AG100, zile tustroki ambazo maafisa wa kilimo na mifugo wamezunguka nazo vijijini miaka na mikaka. Mwenyewe alikuwa amezimua oili kwa mafuta ya taa.

Namwelewa. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na Timboroa iko juu zaidi. Baridi ya alfajiri hufanya oili iwe nzito, mtu akahofu haitafika kwenye injini, basi anaongeza kikombe cha mafuta ya taa. Nia ni njema. Hesabu ndiyo mbovu.

Kwenye AG100 huchanganyi oili na petroli kwa mkono. Oili ina tangi lake, na pampu ndogo huisukuma hadi kwenye injini: kidogo ukienda taratibu, nyingi ukikaza moto. Pampu hiyo hupima wingi tu. Ukitia kikombe 1 cha mafuta ya taa kwa vikombe 4 vya oili, kila tone linaloingia limepungukiwa oili kwa asilimia 20, na pampu haiongezi lolote la kufidia. Mafuta ya taa yanaungua, pistoni na beringi zinabaki kusagana.

Isitoshe, nyingi ya oili zinazotengenezwa kwa ajili ya pampu huwa zimeshalainishwa kiwandani, kwa kipimo, ili zipite kwenye mirija myembamba hata wakati wa baridi. Wewe unaizimua mara ya pili.

Sisi wa Uasin Gishu ni watu wa maziwa. Ukipeleka maziwa yaliyotiwa maji, laktomita inakuumbua papo hapo na mtungi unarudi nyumbani. Pampu ya oili haina laktomita. Hupokea chochote na kukipeleka. Hukumu huja baadaye, ukipanda mlima na mzigo, injini inapokwama na gurudumu la nyuma kufunga ghafla.

Basi nunua chupa iliyofungwa, yenye alama ya JASO FC au FD na maandishi kwamba inafaa kwa pampu. Usipimiwe oili kwenye chupa ya soda, wala usitie ya lori. Asubuhi, iache injini ipate joto kabla ya kukaza moto. Tangi likikauka, fundi atoe hewa kwenye pampu kwanza.

Na ofisi zinazowapa maafisa pikipiki hizi ziwape na oili yake. Afisa anayejinunulia oili kwa pesa za mfukoni atashawishika kuizimua, na ng'ombe mgonjwa kule kijijini atamngoja daktari aliyekwama njiani.