Tamko la Walimu wa Sayansi wa Sekondari Msingi, Pwani ya Kenya, Kuhusu Kuanza Mwaka katika Gredi ya 7

Sisi walimu wa Sayansi Jumuishi katika shule za sekondari msingi za Pwani ya Kenya, tuliojiunga katika chama chetu cha kitaaluma, tunatoa tamko hili shule zinapofunguliwa Januari 2026. Tunalielekeza kwa walimu wenzetu, walimu wakuu, bodi za usimamizi, wazazi, Wizara ya Elimu, Tume ya Huduma za Walimu na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala.

Jambo letu ni moja. Mtoto wa Gredi ya 7 aanze sayansi kwa kushika, kupima na kuandika alichokiona kwa macho yake, na aanze akiwa salama. Wiki za kwanza za muhula zisiishie katika kunakili michoro ya vifaa ambavyo hajapata kuviona.

Mwaka huu una uzito wake. Wanafunzi wa kwanza kuingia Gredi ya 7, mapema mwaka wa 2023, walifanya KJSEA, tathmini ya mwisho wa sekondari msingi, mwishoni mwa 2025, na Januari hii wanajiunga na Gredi ya 10. Kwa mara ya kwanza tumewasindikiza watoto kuanzia mwanzo wa sekondari msingi hadi mwisho wake. Tumeona pia namna matokeo yao yalivyojengwa: asilimia 60 ilitoka KJSEA yenyewe, asilimia 20 ilitoka tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 ilitoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Kwa hiyo mtoto anayeketi leo kwenye dawati la Gredi ya 7 ameshaanza kuhesabiwa. Serikali nayo inakusudia kuwa takriban asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Lengo hilo tunaliunga mkono. Lakini mtoto aliyekaa miaka mitatu akiijua maabara kwa picha hatachagua mkondo huo, na akiuchagua ataumia nao.

Chanzo cha shida kinajulikana. Desemba 2022, Jopokazi la Rais kuhusu Mageuzi ya Elimu, likiongozwa na Profesa Raphael Munavu, lilipendekeza sekondari msingi iwe ndani ya shule za msingi. Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa: mtoto wa miaka 12 alibaki karibu na nyumbani, na mzazi hakulazimika kulipa karo ya bweni. Tunausifu hadi leo. Ila shule hizo zilijengwa kwa ajili ya darasa la kwanza hadi la nane, katika mfumo wa 8-4-4 ambao haukudai maabara katika ngazi hiyo. Nyingi hazina karo la kuoshea vifaa, hazina gesi, hazina kabati la kufungia kemikali. Tena mwalimu aliyesomea masomo mawili chuoni hujikuta akibeba masomo manne au matano, na mwenzetu aliyefuzu Historia na Dini akapewa kufundisha umeme na sumaku. Tunamheshimu mwalimu huyo kwa juhudi zake, na sehemu kubwa ya tamko hili tumeiandika tukimfikiria yeye.

Mtaala wenyewe umepangwa vizuri. Gredi ya 7 inafunguliwa na uchunguzi wa kisayansi: somo hili linahusu nini, usalama katika maabara, kisha vifaa na ujuzi wa kupima. Mchanganyiko, asidi na besi vinafuata baadaye. Hakuna anayemzuia mwalimu kufundisha mada hizo za mwanzo kwa vitendo hata kama chumba cha maabara hakipo, na hapo ndipo tunapotaka wenzetu wasimame imara.

Chukua kipindi kimoja tu cha kupima ujazo. Mwalimu ana silinda moja ya kupimia, au hata bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa, lenye alama za mililita. Anaiweka juu ya meza iliyo sawa, maji ndani, na kila kikundi kinapita kusoma na kuandika kimyakimya. Waliosimama wakitazama kutoka juu wataandika namba moja, waliochutama macho yakawa sawa na uso wa maji wataandika nyingine. Majibu yakiandikwa yote ubaoni, darasa litaona lenyewe kwamba hayafanani ingawa maji ni yale yale. Mwalimu asikimbilie kutoa jibu. Awaulize kwa nini. Watabishana, watarudi mezani, na mmoja wao atagundua kwamba uso wa maji ndani ya kioo umepinda, kingo zimepanda na katikati kumeshuka. Hapo waambiwe kwamba kipimo husomwa pale chini kabisa pa mpindo, jicho likiwa usawa wake. Baada ya hapo kila kikundi kichukue chupa tupu ya plastiki, kitie maji mililita 50 kwa 50 na kuweka alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Darasa litakuwa limejitengenezea vyombo vya kupimia vya mwaka mzima, na kila mtoto atajua kwa nini alama iko pale ilipo.

Tunasihi pia mtoto aruhusiwe kwanza kueleza alichokiona kwa lugha inayomjia, iwe Kiswahili, Kigiriama, Kipokomo au Kidigo, ndipo asaidiwe kukiandika kwa Kiingereza cha somo. Akinyamazishwa siku ya kwanza kwa kukosa neno, hataki tena kuuliza. Na kazi za kikundi zizunguke. Tumechoka kuona mvulana ndiye anayeshika kifaa, na msichana ndiye anayeandika na kuosha. Mwanafunzi mwenye ualbino au mwenye uoni hafifu apewe kifaa akisogeze karibu na macho yake, mahali pasipo mng'ao wa jua.

Kuhusu usalama hatutazungumza kwa mafumbo. Pasipo gesi, walimu wengi hutumia taa ya spiriti. Ni kifaa kizuri, lakini mwali wake hauonekani vizuri mchana. Mwalimu hudhani taa imezimika, akaiongezea spiriti kutoka kwenye chupa, mvuke ukashika, moto ukaingia chupani na kuruka mbele kwa nguvu, moja kwa moja kwa watoto waliosogea kutazama. Jambo hili huchukua chini ya sekunde moja. Kwa hiyo tunatamka: taa ijazwe nje ya darasa kabla ya kipindi, chupa ya spiriti ifungwe na kuondolewa kabisa kabla kiberiti hakijawashwa, na taa ikizimika katikati ya jaribio isiongezewe chochote mpaka ipoe. Watoto wakae mita 2 kutoka mwali wa maonyesho. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji ziwe mlangoni, na mlango usifungwe kwa komeo.

Penye gesi na kichomeo cha Bunsen, kiberiti kiwashwe kwanza ndipo gesi ifunguliwe, tundu la hewa likiwa limefungwa ili mwali uwe wa manjano unaoonekana. Mwali wa buluu ni wa kupashia moto tu, nao ndio mkali zaidi.

Kemikali ya aina yoyote isiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja, hata ikiandikwa jina. Maji ya betri ya gari, ambayo ni asidi ya salfuriki, yasiingie katika darasa la Gredi ya 7. Tunajua yanapatikana kwa urahisi gereji na kwamba nia ya anayeyaleta ni njema, lakini tone moja jichoni linatosha kumharibia mtoto uwezo wa kuona. Asidi inapochanganywa na maji, asidi ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, na si maji ndani ya asidi. Mtoto akiungua au akirukiwa na kemikali, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kwa kata ikiwa hakuna mfereji, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga.

Kuhusu mavazi: nywele ndefu zifungwe, na ncha za mtandio zichomekwe vizuri ndani ya sare. Hakuna sababu ya kisayansi ya kumvua msichana mtandio wake, na tunakataa usalama utumiwe kama kisingizio cha kufanya hivyo. Aliyekuja na ndara asirudishwe nyumbani. Apewe kazi ya kupima na kurekodi mbali na moto na kioo, na shule izungumze na mzazi wake kwa staha.

Darasa likishajua kupima na kujilinda, asidi na besi huja na furaha yake. Maua mekundu ya hibiskasi yanayopandwa kwenye nyua zetu yakichemshwa hutoa maji yenye rangi. Maji hayo yakitiwa ndimu au ukwaju hugeuka kuwa mekundu ya kukoza, na yakitiwa magadi yaliyoyeyushwa huelekea kijani. Magadi hayo huchotwa Kajiado, katika ziwa linaloitwa kwa jina lao, na mtoto ameyaona jikoni tangu utotoni. Kikundi kinachopanga vimiminika vya nyumbani kwa rangi hivyo kinafanya uchunguzi kamili. Karatasi za litmasi zikifika muhula wa pili, zitawakuta watoto wanaojua zinatafuta nini.

Tunaiomba Wizara ya Elimu ihakikishe kwamba mgao wa sekondari msingi, shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, unazifikia shule kabla ya wiki ya kwanza ya muhula, na kwamba sehemu ya vifaa vya sayansi inajulikana wazi na haigeuzwi matumizi. Maabara za kisasa zijengwe, lakini zisisubiriwe. Kwa sasa kila shule ipewe chumba kimoja chenye maji, kabati la kufungwa kwa kufuli, na sanduku la vifaa vya msingi. Tume ya Huduma za Walimu ilifanya jambo kubwa ilipowaajiri kwa masharti ya kudumu maelfu ya walimu wa sekondari msingi waliokuwa wakifanya kazi kwa mkataba wa mafunzo. Sasa tunaiomba iangalie masomo waliyofuzu kabla ya kuwagawa, ili kila shule ipate angalau mwalimu mmoja aliyesomea Biolojia, Kemia au Fizikia.

Walimu wakuu tunawasihi wasivunje vipindi vitano vya Sayansi Jumuishi kwa wiki katika mwezi wa Januari kwa ajili ya usajili, usafi au kusubiri wanafunzi waliochelewa. Panapowezekana, viwili kati yake vifuatane ili jaribio lisikatwe na kengele.

Wazazi hatuwaombi fedha. Tunawaomba mitungi ya kioo iliyosafishwa na chupa tupu zenye vifuniko, kwa hiari. Mtoto asiyeleta kitu asitajwe mbele ya wenzake.

Wanachama wetu nao wamejifunga kwa mambo mawili. Mwenye vifaa atamwazima jirani yake asiye navyo, kwa daftari na sahihi, vikirudi vikiwa safi. Tena Jumamosi za mwezi huu tutakutana na wanaofundisha sayansi bila kuisomea, kuwasha taa ya spiriti pamoja, kusoma silinda pamoja, na kujaribu kila jaribio la muhula kabla mtoto hajalifanya. Mwalimu yeyote wa sekondari msingi anakaribishwa, awe mwanachama au la. Aje na ratiba yake ya muhula na orodha ya vifaa vilivyomo shuleni kwake, tuvipangie kazi.

Limetolewa kwa niaba ya wanachama, Pwani ya Kenya, Januari 2026.