Jua la Afrika Limesimama Cambridge

Mwaka 2011 katika mji wa Cambridge, Uingereza, ulisimamishwa mnara wa ajabu. Ni kazi ya msanii Andrew Merritt: visanduku vingi vimepangwa pamoja na kupakwa rangi za moto, hata mtu akivitazama kwa mbali aone jua la Afrika. Na visanduku hivyo ni nyumba za mbayuwayu.

Kwa nini jua letu? Kwa sababu mbayuwayu yule mweusi, mwenye mbawa kama mundu, hukaa Ulaya kiasi cha miezi 3 tu, kulea vifaranga. Ikifika Agosti huyo, amekuja kwetu: misitu ya Kongo, na wengine mpaka Malawi na Msumbiji. Mwaka 2016 wataalamu wa Uswidi walionyesha kuwa baadhi yao hukaa hewani miezi 10 bila kutua. Basi Mwingereza akimwita ndege huyo wake, twamwambia kwa upole kwamba huyo ni mpangaji wake tu.

Lakini hatuandiki kwa kejeli. Kule mapaa yakitengenezwa matundu huzibwa, na ndege hurudi kutoka Afrika akakuta mlango umefungwa. Tangu mwaka 1995 mbayuwayu hao wamepungua Uingereza kwa zaidi ya nusu. Watu wa Cambridge wakaona kwamba pambo la mji laweza kupendeza macho na kulea vifaranga pia.

Na sisi je? Minara yetu ya ukumbusho twaivika vigae laini, pasipo mahali pa ndege kushika. Mbayuwayu wetu wa mjini, yule mwenye alama nyeupe juu ya mkia, hubandika kiota cha manyoya na mate chini ya kingo za majumba na madaraja, na mvua zikianza huwafukuza kumbikumbi angani. Tumewaona vibarua wametumwa na mifagio mirefu kuviangusha viota hivyo, vifaranga wakianguka barabarani, kwa kuwa kesho yake mgeni rasmi anakuja. Mgeni gani huyo achukiaye ndege?

Hatusemi mnara wa Cambridge uigwe. Visanduku vile vyenye matundu membamba vimepimwa kwa ndege azaaye kule, kwetu hazai. Wa kwetu ataka ukingo mkavu ulio juu, wenye kivuli na ukuta wa kukwaruza, ili kiota kishike. Wachongaji na waashi wetu walijua kupamba milango na kuta kabla hatujaletewa vigae, hilo haliwashindi. Waitwe, pamoja na wajuao ndege, kabla ramani haijapitishwa, si baada ya saruji kukauka.

Madiwani wa chama chetu waliulize jambo hili katika halmashauri, siku mnara mwingine utakapoletwa mezani. Na mifagio ile ingoje mpaka vifaranga waruke.