Pikapu Zetu: Matunzo Kwanza, Mapambo Baadaye

Kila masika yanapokaribia, wenye magari visiwani humu, wakiwamo wakuu wa idara za Serikali, hujiuliza swali moja: je, yafaa kutumia fedha ili kuiongezea pikapu uwezo wa kupita njia mbovu? Mafundi na wauza vipuri wanalo jibu tayari. Wao hushauri gari linyanyuliwe, livishwe matairi makubwa ya tope, lifungwe bampa la chuma na winchi mbele, na bomba refu la kuvutia hewa ubavuni. Sisi twaona kwamba jibu hilo halina budi kupimwa kabla ya kulipiwa, kwani mara nyingi fedha zinazolipwa ni za umma, na mwenye kupata hasara pindi gari likwamapo ni mgonjwa au mkulima aliyeko mwisho wa njia.

Tuanze na ardhi yetu wenyewe. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na Pemba kilomita 67 hivi. Safari zetu ni fupi, na sehemu kubwa ya safari hizo hupita juu ya lami au kifusi kilichoshindiliwa. Taabu imo katika kilomita mbili tatu za mwisho, na taabu hiyo si ya namna moja. Mashariki na kusini ya Unguja, kwenye maweni na uwanda, adui wa gari ni jiwe kali linalochana ubavu wa tairi. Kwenye kichanga cha pwani, adui ni mchanga. Katika mabonde ya mpunga yenye udongo wa kinamo, na katika miteremko ya Pemba, adui ni utelezi. Kifaa kinachosaidia mahali pamoja chaweza kuwa mzigo mahali pengine. Tairi la tope lenye meno makubwa, mathalani, huchimba mchanga badala ya kupita juu yake, na kwenye lami iliyolowa hushika vibaya kuliko tairi la kawaida.

Yafaa pia tukumbuke tunachokimiliki. Pikapu ya namna ya Toyota Hilux, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1968 na kupata aina inayovuta kwa magurudumu yote manne mwaka 1979, haikubuniwa kwa ajili ya barabara za mjini peke yake. Aina hiyo hutoka kiwandani ikiwa na gia nzito ya kupanda na kushuka taratibu, pamoja na nafasi ya kutosha chini ya tumbo. Si mara chache gari husemwa kuwa limeshindwa, kumbe dereva hakuitia gia hiyo kabla ya kuingia topeni, au aliingia na matairi yaliyokwisha meno.

Sasa tuvitazame vifaa vyenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kunyanyua springi hulipatia gari nafasi kubwa zaidi chini. Jambo hili ni kweli nusu tu. Bodi hupanda, lakini difu ya nyuma, ambayo ndiyo hugonga jiwe na kusugua tuta la katikati ya njia, hubaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu imo ndani ya ekseli na ekseli hukaa juu ya magurudumu. Difu hupanda kwa tairi kubwa peke yake, na hata hapo hupanda kwa nusu ya ongezeko. Tairi la kimo cha sentimita 75 likibadilishwa kwa la sentimita 80, difu hupanda sentimita 2.5 basi. Kwa faida hiyo ndogo, saa ya mwendo itaonesha kilomita 80 hali gari linakwenda zaidi ya 85, breki zitabeba kazi ambayo hazikupimiwa, na mafuta yataongezeka.

Isitoshe, gari lililonyanyuliwa hupinduka kwa wepesi zaidi katika kona na katika miteremko ya ubavu, na viungo vya shafti yake huchakaa upesi kwa kuwa hufanya kazi vikiwa vimepinda. Sahani yake nayo huwa juu. Mpagazi wa magunia ya karafuu atanyanyua zaidi kila gunia, na mama mwenye uchungu wa kuzaa, ambaye shehia yake haikufikiwa na gari la wagonjwa, atapandishwa kwa shida kubwa zaidi. Mambo haya hayatajwi dukani.

Uzito nao una hesabu yake. Bampa la chuma pamoja na winchi na waya wake huweza kufikia kilo 100. Pikapu nyingi za aina hii zimepimiwa kubeba kiasi cha tani moja, watu na mzigo wao kwa jumla. Kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya uwezo wa gari imekwisha kabla mfuko wa kwanza wa mbolea haujapakiwa, na uzito huo utazunguka na gari mwaka mzima, ingawa winchi huenda ikahitajika mara mbili kwa mwaka, kama itahitajika.

Kuhusu bomba la kuvutia hewa, twakubali kwamba injini ikivuta maji fimbo za pistoni hupinda na gharama yake ni kubwa. Lakini bomba hilo huilinda injini peke yake. Haliyazuii maji kuingia katika difu, katika beringi na katika nyaya za umeme. Sisi ni watu wa visiwani, na maji yetu mengi ni ya chumvi. Gari linaloshuka pwani wakati wa kupwa kuchukua samaki au magunia ya mwani halihitaji bomba. Linahitaji kuoshwa chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo, na kupakwa dawa ya kuzuia kutu. Hata kila tundu linalotobolewa katika chesisi ili kufungia pambo jipya ni mlango mpya wa kutu.

Je, tunasema kwamba hakuna kifaa chenye thamani? La, hasha. Vipo, na vingi ni vya bei nafuu. Cha kwanza ni matairi mazuri ya kipimo kile kile cha kiwanda, yenye meno ya kati na ubavu imara. Cha pili ni kipimo cha upepo na pampu ndogo. Dereva akipunguza upepo kutoka paundi 35 hadi kama 20, tairi hutandazika na gari huvuka mchanga uliokuwa ukilimeza, ilimradi ajaze tena kabla ya kurudi katika lami. Cha tatu ni kamba imara ya kuvutia, koleo, mbao mbili, na kulabu madhubuti zilizofungwa katika chesisi mbele na nyuma. Cha nne, kwa gari jipya linaloagizwa kwa kazi za mabondeni, ni difu ya nyuma inayofungika, ili gurudumu moja linapoteleza la pili liendelee kusukuma. Na kilicho bora kuliko vyote ni dereva aliyefundishwa kushuka na kuitazama njia kwanza kwa miguu yake.

Tunajua wapo watakaosema kwamba kazi zao haziwezi kungoja. Mafundi wa umeme na maji huitwa usiku wa mvua, na chanjo haina subira ikiwa barafu yake inayeyuka. Hoja hiyo ni ya haki. Ndiyo maana hatupingi gari moja katika wilaya kufungiwa winchi kwa ajili ya kuokoa mengine, likiwa na dereva anayejua kuitumia, na mkanda mpana wa kuzungushia mti ili waya usiukate mkarafuu wa mtu. Tunalopinga ni kila idara kulitaka la kwake, hata lile ambalo safari yake ndefu ni kutoka ofisini hadi bandarini.

Kwa hiyo twawashauri wenye dhamana ya kuidhinisha fedha wadai majibu ya maswali matatu. Gari hili lilikwama mara ngapi mwaka uliopita, na wapi, kwa mujibu wa daftari lake la safari? Je, siku hiyo matairi, upepo na breki vilikuwa katika hali gani? Na je, fedha hizo hizo zingetosha kujenga kalvati, au kumwaga kifusi mahali pale pale lilipokwama? Asiye na daftari asipewe winchi.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Pikapu iliyonyanyuliwa huwavusha wale waliomo ndani yake. Kalvati humvusha kila mtu: mwenye baiskeli, mwenye gari la ng'ombe, mtoto aendaye skuli, na yule mama ambaye hakupata gari lolote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu umo njiani kabla ya kuwamo katika gari.

Nao wananchi wenye pikapu zao wenyewe wana hiari ya mali yao. Kwao twasema hivi: mwenye fedha kidogo anunue matairi na pampu, mwenye kiasi atengeneze breki na shokomzoba zilizochoka, na mwenye ziada ndipo afikirie chuma cha mbele. Atakayeufuata mpango huo atafika, na gari lake litadumu. Atakayeupindua atakuwa na gari la kupendeza mbele ya baraza, na masika yakiingia atawaomba jirani waje kulisukuma.