Kalunguta: Mashini ya kujaza masasi haina nafasi nyumbani

Katika Marekani, mutu mwenye kupenda kuwinda ao kulenga shabaha anaweza kununua mashini ya kujaza tena maganda ya masasi na kuifunga juu ya meza nyumbani kwake. Wenye kuanza wanashauriwa wachague ile ndogo, yenye kufanya hatua moja tu kila mara, kusudi kosa lionekane mbio. Sheria ya kule haimuombi leseni kama masasi ni yake mwenyewe. Inamuomba akianza kuuzisha.

Kalunguta, kati ya Butembo na Beni, kazi ileile ni jambo lingine kabisa. Bunduki za kalibre 12 zenye kutengenezwa na mafundi wa chuma zinajulikana Kivu ya Kaskazini tangu zamani: mikononi mwa wawindaji, kisha kwa Mai-Mai, na leo kwa vijana wenye kuitwa Wazalendo. Na bunduki bila sasi ni fimbo tu. Kwa hiyo, mutu mwenye kujaza ganda tupu nyumbani hafanye kazi ya mikono peke yake. Anagusa usalama wa kijiji kizima.

Haifai kumucheka kijana mwenye kuwaza hivyo. Mwezi wa 10, 2022, waasi wa ADF walishambulia Maboya, hospitali ikachomwa, na sista mumoja daktari akapoteza maisha. Wakati ule utawala wa kijeshi ulikuwa umeanza tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, na majeshi ya Uganda yalikuwa yameingia tangu mwezi wa 11 mwaka uleule. Mulimaji mwenye kuona hayo yote, na bado anaogopa kwenda kuvuna kakao yake, ana haki ya kuuliza ni nani atamulinda.

Lakini jibu halitoke juu ya meza ya nyumbani. Baruti ikizidi kidogo, bunduki inapasuka usoni mwa mwenye kuibeba, na zaidi kama imetengenezwa na bomba lisilofanywa kwa nguvu ile. Nyumba nyingi zina chumba kimoja ao viwili, makaa yanawaka karibu, watoto wanachezea kila kitu. Mbele ya waasi wenye bunduki za kivita, sasi la kujazwa nyumbani linasaidia kidogo sana. Kwenye kizuizi cha njiani, katika ugomvi wa shamba ao wa deni, linatosha kabisa kumuua jirani.

Sheria nayo iko wazi. Ile ya tarehe 3 mwezi wa 9, 1985, namba 85-035, inataka ruhusa ya serikali kwa silaha na masasi. Na mapatano ya Afrika ya Kati yaliyokubaliwa Kinshasa yenyewe, tarehe 30 mwezi wa 4, 2010, hayataje bunduki tu. Yanataja pia masasi na vipande vyenye kutumika kuunda ao kurekebisha silaha.

Hata hivyo, serikali isijifiche nyuma ya sheria. Kumufunga fundi mumoja ni rahisi. Kulinda njia ya shamba ndiyo kazi. Mupango wa P-DDRCS, uliowekwa mwaka 2021 kwa kuwaondolea watu silaha, usiongee na wakubwa wa vikundi peke yao. Unapaswa kufika pia kwa fundi wa chuma, kwa muwindaji, na kwa mama mwenye kujua kilichofichwa chini ya kitanda cha mutoto wake. Mifano iko. Msumbiji, tangu mwaka 1995, makanisa yalibadilisha silaha kwa baiskeli na vyarahani. Katanga pia, watu walirudisha bunduki wakapewa baiskeli.

Fundi mwenye kuweza kuunda bunduki anaweza kuunda mashini ya kukamua mawese, ya kumenya kahawa ao ya kufyatua matofali. Mikono ni ileile, chuma ni kilekile. Kinachokosekana ni mununuzi, na njia salama ya kufikisha mali sokoni Butembo. Siku serikali itakapoleta vyote viwili, itakuwa na haki ya kumuomba kijana wa Kalunguta arudishe ganda lake. Mupaka siku ile, kijana naye akumbuke kwamba wa kwanza kuumizwa na sasi lile anaweza kuwa mutu wa nyumba yake.